Nilivyomfikisha Shangazi Husuni Kubwa

Sisi wa Lindi tunaipita Nangurukuru kila tukienda Dar. Basi linasimama, tunanunua machungwa dirishani, wengine wanakimbilia chooni, na ile barabara ya Kilwa Masoko tunaiacha mkono wa kulia bila hata kuitupia jicho. Ukimuuliza mtu kama amefika Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, atakwambia alipelekwa na shule akiwa darasa la sita, au hajafika kabisa. Mimi nilikuwa kundi la pili mpaka shangazi aliposhikilia shauri lake.

Shangazi ni mwalimu mstaafu, anaishi Mtanda, na uwanja wake umejaa ndoo za mafuta ya kula alizopanda asumini, mawaridi na mrehani. Alikuwa amesoma kwamba sultani wa Kilwa alijijengea kasri, Husuni Kubwa, nje ya mji, juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye bwawa la kuogea, na kwamba mji wenyewe ulikuwa na bustani. Akataka kuona. Tatizo ni magoti. Penye tambarare anakwenda vizuri kwa fimbo yake, lakini tope na miinuko vinamtesa. Kila niliyemweleza aliniambia yule mama mwache, kule ni kuvua viatu na kuchomwa na jua. Basi alikwenda, akaona, akarudi mzima, na nadhani wapo wengi wenye mzazi wa aina hii nyumbani wanaojiuliza kama inawezekana.

Nilianza kupanga na maji. Shemeji yangu mmoja ni mvuvi wa Kitunda, ng'ambo ya pili hapa Lindi, na ndiye aliyenipangia siku.

"Bamvua usimpeleke," aliniambia. "Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa katikati ya asubuhi, boti inawaacha mbali, bi mkubwa anatembea kwenye tope mpaka anakuchukia. Nenda mwezi ukiwa nusu, maji mafu. Asubuhi bahari iko juu, na hata ikishuka haiendi mbali."

Ushauri huo ulikuwa na faida kuliko chochote nilichokisikia baadaye. Majira tuliyochagua ni kipupwe, mwezi wa saba. Masika yameisha, majani kwenye njia za kisiwani yamepungua, jua halijawa kali. Ubaya wake ni kusi: asubuhi bahari imetulia, mchana upepo unaamka na boti inaanza kurusha maji. Kwa hiyo kuvuka mapema na kurudi mapema. Wanaotoka Dar waulizie kwanza hali ya barabara kama ni kipindi cha mvua. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Kusini na magari yakalala njiani.

Tulifika Masoko jioni. Siku hizi magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kibali unakikata hapo hapo Masoko kabla ya kuvuka. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havilingani hata kidogo. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na mwongozaji unampata pale pale. Boti ndiyo iliyotaka kunichanganya. Pale gatini alinijia jamaa mmoja na bei ambayo nahisi alimkusudia Mzungu, si mimi. Nikamshukuru, nikarudi gesti, na mezani wakati wa chakula tukakutana na walimu wawili kutoka Nachingwea waliokuja kwa shughuli hiyo hiyo. Tukagawana boti ya mashine, ya kwenda, kutusubiri na kuturudisha. Wenyeji huvuka kwa mitumbwi ya abiria kwa pesa ndogo sana, na kama uko peke yako na miguu yako mizima, hiyo inatosha. Kwa shangazi nilitaka chombo ambacho hakitaondoka bila yeye.

Kuvuka kwenyewe ni safari fupi. Gereza, yaani ile ngome ya kale, unaliona tangu ukiwa Masoko, limekaa ufukweni na kuta zake nene. Maji yalikuwa juu kama shemeji alivyosema, boti ikasogea karibu, vijana wawili wakamshika shangazi mikono, akashuka na viatu vyake miguuni.

Mwongozaji, kijana mzaliwa wa Kisiwani, alitaka tuanze Gereza, halafu Msikiti Mkuu, halafu Makutani, kasri jingine la masultani, Husuni Kubwa mwisho. Ndivyo wageni wengi wanavyozungushwa, kwa sababu hivyo vingine viko karibu na unaposhukia. Nilimwomba tugeuze. Husuni iko zaidi ya kilomita moja mashariki ya mji wa kale, na mtu akishazunguka msikitini na makaburini hadi saa sita, Husuni ataionyeshewa kwa kidole. Sisi ndiyo tuliyoifuata. Kijana akamtazama shangazi, akatazama fimbo, akasema, "Sawa bibi, tutakwenda mwendo wako."

Njia ni mbili. Ya ufukweni hupitika maji yakipwa. Ya juu ni ndefu kidogo, inapita katikati ya mashamba na mibuyu, na ina vivuli. Tukashika ya juu. Nilibeba mwavuli, maji ya kunywa na kigoda cha kukunja, kile cha mafundi viatu, na hicho kigoda ndicho kilichofanya kazi: kila penye mbuyu mkubwa tulikikunjua, shangazi akaketi, sisi tukajifanya tunapiga picha. Hakuna aliyemwambia pumzika.

Njiani tulipita mikorosho. Mwalimu mmoja, wa historia, akasema huyo sultani tunayemfuata hakuwahi kuuona mkorosho, kwa sababu mti huu ni wa Brazili na uliletwa pwani yetu na Wareno, miaka mingi baada yake. Shangazi, aliyewasomesha wanawe kwa shamba la korosho, akasimama.

"Hana korosho, na bado akajenga kasri?"

"Alikuwa na dhahabu, mama."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Dhahabu ilitoka bara, huko inakohusishwa na Zimbabwe Kuu, ikashuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ikashika njia yake. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala kuanzia mnamo 1310 hadi 1333, ndiye anayehesabiwa kuijenga Husuni Kubwa. Maandishi ya Kiarabu yenye jina lake yalipatikana humo. Watu walimpa jina Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, alifika Kilwa 1331, wakati wa utawala wake, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri.

Ukifika usitegemee jumba lenye paa. Ni kuta, nyingine za kimo cha kiuno, nyingine zinakupita, juu ya mwamba wenye bahari chini yake. Lakini ukubwa wake unakushika. Vyumba vinazidi 100. Upande wa kusini kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba vilivyofanana, ambavyo wataalamu wanaviona kuwa vya biashara na ghala. Ukisogea upande wa bahari nyumba inabadilika: nyua zinakuwa za watu wa ndani, kuna ua wenye ngazi pana ambapo sultani anadhaniwa alikuwa akiketi na watu wake, na halafu bwawa.

Hapo bwawani ndipo tulipokaa kuliko mahali pengine popote. Lina pembe nane, limechimbwa katikati ya ua wake, na kingo zake bado zinasomeka vizuri. Shangazi alilizunguka akigonga kila upande kwa fimbo na kuhesabu kwa sauti, kama anayeita mahudhurio. Alipofika nane akaomba kigoda, akainama, akapitisha kiganja kwenye lipu ya chokaa. Mahali pengine imebanduka na jiwe la tumbawe linaonekana, na vitundu vyake vidogo vidogo. Mahali pengine bado ni laini. Mwongozaji akatueleza kwamba tumbawe likitolewa baharini bichi linachongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Baba yake shangazi alichoma chokaa, kwa hiyo hapo somo likageuka, mwalimu akawa yeye.

Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Hapa hapana mto. Haya maji nani aliyapandisha?"

Kimya kidogo. Mwalimu wa historia akajibu kwamba yalibebwa, na wabebaji hawakuwa masultani. Huyo huyo Ibn Battuta, pamoja na kumsifu al-Hasan kwa ucha Mungu na kutoa, aliandika pia kwamba alikuwa akivamia watu wa bara na kurudi na ngawira. Sikuona sababu ya kulipuuza hilo kwa vile mandhari ni nzuri. Nililitazama bwawa upya, nikafikiria ndoo.

Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba. Hili nililielewa kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya boriti: upana wa chumba unafuata urefu wa mti wa mkoko, na boriti haizidi mno mita mbili na nusu au tatu. Pesa ya dhahabu yote ile, na bado chumba cha mfalme kilipimwa na mti wa mkandaa. Palipohitajika upana zaidi, mafundi wa Kilwa walitumia matao na kuba.

Sasa bustani. Niseme wazi: hakuna bustani iliyopandwa leo Husuni Kubwa. Kuna nyasi, vichaka na mibuyu. Anayetaka maua yaliyopangwa kwa mistari atanung'unika. Lakini kaa pale dakika chache utaona kwamba aliyeipanga nyumba hii alijua anachofanya. Unatoka chumba chenye giza na baridi, unaingia ua wenye jua, unashuka vidato, na mwisho bahari inafunguka mbele yako na upepo unakupiga usoni. Mpangilio huo peke yake ni kazi ya mtu aliyependa mandhari. Jambo la ajabu ni kwamba nyumba hii inaonekana haikumalizika, na haikukaliwa muda mrefu.

Bustani zenyewe zilikuwa mjini, na tunazijua kupitia watu wabaya. Julai 1505 manowari za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliuvamia mji wa Kilwa na kuupora. Mjerumani mmoja aliyekuwa kwenye msafara huo, Hans Mayr, akaandika alichokiona: machungwa matamu, ndimu, figili, vitunguu vidogo, mrehani, vyote kwenye bustani zilizonyweshwa kwa maji ya visima. Mreno Duarte Barbosa naye, miaka michache baadaye, akataja bustani za matunda na mifereji ya maji baridi. Mwalimu wa historia ndiye aliyetusimulia haya, na alipofika kwenye mrehani, shangazi akamkatiza.

"Rudia."

Akarudia.

"Mrehani. Mwaka 1505."

"Ndiyo, mama."

Shangazi akatikisa kichwa. Mimi nilichowaza ni huyo Mjerumani: mji unaporwa, wenzake wanabeba mali, na yeye anapata nafasi ya kutazama vitunguu na mrehani wa watu. Hata hivyo sipendi tunavyoambiwa Kilwa ni mawe tu. Kulikuwa na watu waliochota maji kila jioni kumwagilia.

Husuni Ndogo, yenye ukuta mnene wa mstatili, iko jirani, ng'ambo ya korongo. Tulimwachia mwalimu wa pili akaitazame kwa niaba yetu.

Kurudi kulikuwa kwepesi kwa sababu sehemu kubwa tulishaimaliza. Chakula tulikuwa tumeagiza asubuhi kwa mama mmoja kijijini, wali na samaki wa nazi. Fanya hivyo, kwa sababu ukifika na njaa bila kuagiza utasubiri. Msikiti Mkuu tuliupitia baada ya kula, na kuba zake zilizosimama zinatosha kukufanya uinue shingo hadi iume. Ulianza kama msikiti mdogo karne ya 11, na sehemu kubwa ya kuba ni nyongeza ya baadaye. Ndani ni baridi, shangazi akaketi humo kuliko nilivyotarajia. Makutani tuliiona kwa nje. Gereza likawa la mwisho, tukiwa tunasubiri boti isogee. Kibao kinakumbusha kwamba magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, ni urithi wa dunia tangu 1981. Kati ya 2004 na 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na unaona kazi iliyofanyika, kuta zilizoshikizwa upya kwa chokaa.

Kusi ilikuwa imeanza tulipoondoka. Tulilowa kidogo begani, basi.

Songo Mnara hatukwenda. Walimu walibaki wakaenda kesho yake, na wakanipigia kunieleza: boti inakaa muda mrefu zaidi majini, na mwisho unavua viatu unapita kwenye maji katikati ya mikoko. Nilimweleza shangazi habari hizo. Akasema huko nitangulie mimi, yeye atasikiliza nikirudi.