Turbo ya kwanza, na kwa nini STI niliiacha palepale

Tangu nishushe Subaru Forester XT washkaji wa kijiweni hawajaniacha, eti mtu kaongelea STI, ile Impreza ya mbio, miaka yote alafu kaja na gari ya kupeleka watoto shule. Sawa bwana. Ngoja niandike yote hapa mara moja, maana naona vijana wengi sa hivi wanatoka kwenye IST, Raum na Altezza wanataka turbo yao ya kwanza na maswali yao yote ni farasi ngapi na inafika mia kwa sekunde ngapi. Hakuna anayeuliza ataihudumia nani, petroli gani, na pawa yenyewe inaanza kwenye rpm ngapi, yaani injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Hayo matatu ndo yaliyoamua gari yangu, farasi zilikuja mwisho kabisa.

Kwa asiyejua kabisa, turbo siyo uchawi. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, feni hiyo imeungwa kwa shafti na feni nyingine upande wa pili inayovuta hewa na kuishindilia ndani ya injini, hewa ikiwa nyingi petroli nayo inaongezwa na hapo ndo pawa inapopatikana. Shafti yenyewe ni nyembamba na inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, tena imeshikiliwa na utando wa oili tu, kwa hiyo oili ikiwa chafu au ikachelewa kufika, kwisha habari. Mtu aliyezoea kumwaga oili IST yake akikumbuka, akija kwenye turbo na tabia hiyo hiyo hata mwaka hamalizi.

Sasa hiyo STI. Ilikuwa hachibeki, ile yenye kodi ya bodi GRB, namba D, bluu, rimu za dhahabu, yaani ukiiona moyo unaenda mbio kabla hata haijawashwa. Mi nimekua naangalia picha za Colin McRae kwenye Safari Rally ya 1997 pale Kenya, aliposhinda na Impreza, kwa hiyo mtu akiniwekea Subaru ya bluu mbele akili yangu huwa haifanyi kazi vizuri, ndo maana nilienda na fundi. Fundi wangu ni mtu mzima, mpole, haongei sana. Hakuuliza bei, hakuangalia rimu. Alifungua boneti, akachukua tochi ya simu, akaanza kuangalia vichwa vya bolti kimoja kimoja. Bolti za kava za pembeni zilikuwa na alama za spana, rangi imetoka, na chini kwenye sampu, ile sinia ya oili, kulikuwa na silikoni ya kijivu imetoka nje ya ukingo, bado inang'aa. Kiwandani hawapaki hivyo. Alafu kwa ruhusa ya mwenyewe akatoa intakula, kile kipoza hewa ya turbo kinachokaa juu ya injini chini ya kile kitundu cha boneti, akaiinamisha, ikamwaga oili nyeusi kwenye kitambaa. Utando kidogo wa oili mle ndani siyo ajabu kwenye gari yenye umri, lakini ile ilikuwa inatiririka.

Akanigeukia akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hii injini imefunguliwa. Muulize ilifunguliwa kwa nini."

Nikamuuliza mwenyewe. Akasema, "Ah bro, hiyo kawaida ya Subaru." Kwenye nguzo ya kioo kuna geji ya busti, yaani presha ya hewa ya turbo, imebandikwa, bomba la nyuma limebadilishwa, blow-off valve ya kupiga filimbi ipo, turbo taima ya kuacha injini iungurume kidogo ukishatoa funguo ipo, na akasema kwa furaha kabisa kwamba gari imeshachezewa programu ya kompyuta ya injini lakini hakumbuki alichezea nani. Tukamshukuru tukaondoka.

Hapa niseme kitu ambacho watu wengi mjini hawakitofautishi. Kuna STI ya Japani yenye injini EJ207 ya lita 2.0, gia za mkono sita, farasi 308, na kuna ile A-Line ya otomatiki ambayo ina EJ257 ya lita 2.5. Kwa nje ni ndugu, kwa ndani siyo. Hiyo 2.5 ndo ileile iliyouzwa sana Marekani, na sifa yake mbaya ni pistoni kukatika kwenye kingo zinazoshika ringi, hasa gari ikichezewa programu na mtu anayebahatisha. EJ207 ni ngumu zaidi. Lakini zote zina vichujio vidogo kwenye njia ya oili, ndani ya bolti zenye tundu, na kama mwenye gari alikuwa mvivu wa kumwaga oili kichujio kinachopeleka oili kwenye turbo kinaziba taratibu na turbo inakufa kwa kiu wakati deepstiki inaonyesha oili imejaa. Ukinunua EJ ya turbo hilo ni jambo la wiki ya kwanza, siyo la "nitaangalia mbeleni".

Na hata ingekuwa safi, bado nadhani ningeiacha, na hii ndo sehemu washkaji wanakataa. EJ207 inatoa Nm 422 za nguvu ya kuvuta, ila zinakamilika kwenye rpm 4,400. Chini ya 3,500 imelala. We jiulize, Mwenge mpaka Morocco saa 12 jioni utafika rpm 4,400 saa ngapi? Utakuwa unakanyaga klachi nzito, injini ya moto, intakula juu inakula joto la Dar kwa sababu gari haitembei na hewa haipiti, alafu bodaboda anakupita. Raha ya ile gari iko kwenye barabara iliyo wazi na dereva aliyeshazoea kwamba pawa inakuja kwa kuchelewa na ikija inakuja yote. Kwa mtu wa turbo ya kwanza hapo katikati ya kukanyaga na kuvutwa ndo penye ajali, unakanyaga unaona hamna kitu, unaongeza, alafu kwenye kona vyote vinakuja kwa pamoja.

Forester XT ya kuanzia mwishoni mwa 2012, ile ya bodi SJG, ina injini ya FA20, lita 2.0 hiyohiyo ila ni injini nyingine kabisa, cheni badala ya timing belt, petroli inachomwa moja kwa moja ndani ya silinda, turbo imekaa chini mbele karibu na egzosti. Farasi 280, Nm 350, na hizo Nm 350 zinaanza kwenye rpm 2,000 zinaenda mpaka 5,600. Maana yake ukigusa tu inaenda. Golf GTI ya Mk7, toleo la saba, nayo ndo hivyo, farasi 220, Nm 350 kuanzia 1,500, na kwa uendeshaji nakiri Golf ni tamu kuliko hii yangu, usukani unajua unachofanya. Niliifikiria sana. Kilichonizuia ni vitu vidogo vidogo, kile kibox cha plastiki chenye water pump na thermostat kinachojulikana kwa kuvuja, gia boksi ya DSG, otomatiki ya klachi mbili, ambayo inataka oili yake kila kilomita 60,000 na fundi anayejua utaratibu wa kuiweka, na ile kukwaruza tumbo kwenye matuta ya kwetu huku mtaani ambayo yamejengwa na wananchi wenye hasira. Forester ina sentimita 22 kutoka chini. Hiyo nayo ni pafomansi kwa mtu anayeishi barabara ya vumbi.

Kuhusu ushuru, wengi hawajui kwamba TRA hawaangalii kama gari ina turbo, wanaangalia cc na umri. Kwa viwango nilivyokuta mimi, ushuru wa bidhaa ni 5% kuanzia cc 1,001 mpaka 2,000, ukivuka hapo ni 10%. FA20 ina cc 1,998. Yaani unalipia gari ya lita mbili unapata nguvu ya gari ya lita tatu. Ile A-Line ya 2,457 imeshavuka. Kinachouma ni uchakavu, gari ikiwa na miaka 8 mpaka 10 unaongezewa 15%, ikizidi 10 ni 30%, kwa hiyo STI nyingi za kuagiza zimeshaingia huko na hesabu inakuwa chungu. Nilipoagiza yangu nilimwambia ajenti sitaki picha za nje nyingi, nataka karatasi ya mnada wa Japani, na ikiwa imeandikwa R au RA kwenye gredi asinitumie kabisa, maana hiyo ni gari iliyopigwa ikatengenezwa. Nilitaka nzima, isiyoguswa, yenye redio yake ya mwanzo na bomba lake la mwanzo. Kuna nyingine ilikuwa nyeusi na spoila imekaa vizuri, bei karibu sawa, ila mnadani waliandika egzosti imebadilishwa, nikaiacha. Gari ya turbo ambayo mtu ameshaanza kuigusa huwezi kujua aliishia wapi.

Petroli sasa. Ukifungua kifuniko cha tanki kuna stika ya Kijapani inasema iwekewe petroli ya daraja la juu, kule kwao inauzwa ikiwa na oktani, kipimo cha petroli kutowaka ovyo, karibu 100. Huku vituo vingi ukifika pampu ni mbili, petroli na dizeli, chagua. Injini ina sensa inayosikiliza ikianza kugonga kwa petroli kuwaka ovyo, kompyuta inachelewesha moto kidogo ili isijiumize, kwa hiyo gari itatembea, ila pawa siyo ile ya kwenye karatasi na nafasi ya makosa imepungua. Ndo maana mtu akiniambia "twende tukaipige stage 1", yaani kubadilisha programu iongeze pawa, namwambia hapana. Ile nafasi iliyobaki naiachia injini. Pia kama una Levorg ya 1.6 kwenye mawazo, ile inatumia petroli ya kawaida hata huko Japani, farasi 170, kwa mtu anayetaka kuonja turbo bila presha ni gari nzuri sana na haisifiwi inavyostahili, japo iko chini.

Huduma ninavyofanya: oili sintetiki 5W-30 kila kilomita 5,000, sisubiri 10,000 hata kama kitabu kinasema nini, kwa sababu kitabu hakijui foleni ya Ubungo. Fundi wangu akimaliza anatoboa galoni tupu kwa bisibisi mbele yangu, ili lisije likaokotwa likajazwa uchafu likauzwa tena Kariakoo. Plagi za bei ya kueleweka, chujio cha hewa kikichafuka kinatoka. Turbo taima sina na sioni haja, turbo za sa hivi zinapozwa na maji pia, unachotakiwa ni kilomita ya mwisho kabla ya kufika uendeshe taratibu, basi, siyo unatoka kasi unaingia getini unazima. Kitu kimoja bado tunabishana na fundi ni oili ya gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, kuna wanaosema isiguswe maisha, mi naona lita hizo za oili zikae kwenye joto la Dar milele haiwezekani, itabadilishwa na ile ya Subaru wenyewe hata kama bei inatisha. Spea za FA20 mpaka sasa Ilala zipo lakini siyo kama za EJ, kuna vitu unaambiwa subiri.

Ulaji mafuta, kwenye foleni inashuka mpaka kilomita 7 kwa lita, safari inakaa 11 hivi ukiwa na adabu. Na bima nimekata kubwa. Usinunue gari hii ukabana hapo.

Turbo inapoonekana thamani yake ni huko juu milimani. Gari isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, kwa sababu hewa inapungua, ndo maana IST ikifika Iringa inakuwa kama inaumwa. Turbo inazunguka zaidi kidogo na kurudisha kile kilichopungua. Kwenye mlima wa Kitonga nilikuta malori yamejipanga yanapanda kwa hatua, na pale penye nafasi halali ya kupita, kitufe cha S# cha mwendo wa mbio kwenye usukani, kugusa, umeshapita na umerudi upande wako kabla wa mbele hajafika. Hapo ndo nilipoelewa pesa yangu imeenda wapi. Kabla ya hapo, hifadhini Mikumi, tulipita hamsini kama kila mtu, twiga wanavuka, na vijijini trafiki wa tochi wapo nyuma ya mwembe, elfu thelathini yako inawasubiri, haijalishi una farasi 280 au 90.

Kama una familia na hutaki hata kusikia Subaru, Crown Athlete ya turbo ya kuanzia mwishoni mwa 2015, injini 8AR-FTS, farasi 235, gia nane, kila fundi wa Toyota anaisogelea bila woga. Siyo ya mbio sana ila inavuta kwa heshima. WRX S4 ndo imebaki kichwani mwangu, FA20 hiihii lakini farasi 300 na Nm 400. Aliye nayo na anaishi sehemu ya vumbi na mashimo aniambie ile bampa ya mbele inadumu muda gani, na kitundu cha boneti kinameza vumbi kiasi gani.