Kilomita 383 kutoka Resolute hadi Grise Fiord

Ukungu ulitufungia Resolute, kaskazini ya mbali ya Kanada, kwa siku mbili. Siku ya tatu, mwishoni mwa Aprili, tuliitwa kupimwa kwenye mizani pamoja na mizigo yetu, kwa sababu Twin Otter ni ndege ndogo na kila kilo ya abiria hupunguza mafuta inayoweza kubeba.

Nilipoitazama safari hii kwenye ramani ya dunia kabla ya kuondoka, niliona pengo la kutisha. Vijiji hivi viwili vimetenganishwa na takriban digrii 12 za longitudo, ambazo kwetu kwenye ikweta zingezidi kilomita 1,300. Huku, karibu na latitudo ya 75, mistari ya longitudo imesongamana hata digrii moja haifiki kilomita 29. Kwa hiyo umbali wa angani ni kilomita 383 hivi, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Tofauti ni kwamba huku hakuna basi wala barabara, na hata dira ya sumaku haiaminiki.

Tuliruka kwa takriban saa moja na nusu. Nilikwangua barafu dirishani kwa ukucha nikaiona Devon, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani visivyokaliwa na watu, kikipita chini yetu cheupe, bila moshi wala alama ya njia.

Mama mmoja wa Kiinuiti, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, aliyeketi kando yangu alikuwa amepakata boksi la samaki walioganda, akiwapelekea jamaa zake. Ni yeye aliyenifanya niuelewe umbali ule. Mwaka 1953 serikali ilizihamisha familia za Wainuiti kutoka Inukjuak, karibu kilomita 2,000 kusini, na watu walioahidiwa kwamba hawatatenganishwa waliambiwa wakiwa tayari melini kwamba baadhi watashushwa Kisiwa cha Cornwallis, iliko Resolute, na wengine wapelekwe Kisiwa cha Ellesmere, iliko Grise Fiord. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Kwa maoni yangu, ahadi ile iliyovunjwa baharini ndiyo sehemu nzito kuliko zote, kwa sababu kilomita hizi 383 ziliwekwa katikati ya ndugu, na mpaka leo kutembeleana kunategemea tiketi ghali na hali ya hewa.

Baada ya mlango-bahari wa Jones, milima ilisimama mbele yetu ghafla. Rubani alikata kona kali ubavuni mwa mlima, kisha magurudumu yakagonga changarawe ya uwanja mfupi wa Grise Fiord, kijiji cha watu 144 kwa sensa ya 2021, ambacho wenyewe hukiita Aujuittuq, yaani mahali pasipoyeyuka kamwe.

Mlango ulipofunguliwa, kijana mmoja alisogea hadi kwenye ngazi, akalipokea boksi la samaki kwanza, akaliweka juu ya theluji, ndipo akamshika mama yule mikono yote miwili.