Gari la Huu Usukani

Kitinda mimba wangu jana aliingia stoo kutafuta pampu ya baiskeli, akatoka na ule usukani. "Baba, gari lake liko wapi?" Nikacheka, halafu nikakosa jibu.

Mwaka 2016 nilikuwa nimenogewa na Euro Truck Simulator 2, gemu ya kompyuta ya kuendesha malori, ila kukata kona kwa kibodi ni kama kunywa uji kwa uma. Usukani wa dukani bei yake ilikuwa ya watu wengine. Nikaenda Gerezani, pale Dar es Salaam, nikapata wa Corolla ya zamani, umechubuka juu upande wa kulia. Fundi wa kuchomelea akaniungia bomba na beringi mbili, nikaufunga kwenye meza ya cherehani ya mama (kelele zake tuziache). Nyuma nikaweka potenshometa, kile kidude cha kuongezea sauti redioni, nyaya tatu hadi kwenye Arduino Leonardo, kibao kidogo cha kielektroniki unachokipangia programu, kompyuta ikakiona kama jostiki, yaani kifaa cha kuchezea gemu. Kidude hakimalizi hata mzunguko mmoja, na usukani wa lori unataka zaidi ya miwili. Giya za printa mbovu zikaniokoa: usukani ukizunguka sana, kidude kinazunguka kidogo. Ili urudi katikati, vipande vya tyubu ya baiskeli. Jaribio la kwanza nilikata kulia, lori likaenda kushoto. Nikapishanisha nyaya mbili za pembeni, yakaisha.

Kisha Mzee akarudi kutoka Tunduma.

Alikuwa dereva wa malori tangu sijazaliwa. Akakaa, akavuta kiti mbele, akakirudisha nyuma kidogo. Akainua mkono kurekebisha kioo ambacho hakikuwepo. Hakucheka. Kiganja kikatua pale palipochubuka.

"Huyu alikuwa anaendesha mkono mmoja, kiwiko dirishani."

Kabla sijawasha lori, akakata usukani wote kulia, akauachia. Tyubu zikauvuta, pwaa, katikati. Akarudia kushoto.

"Gari limesimama hili?"

"Limesimama, Baba."

"Sasa stelingi inarudishwa na nini?"

"Tyubu."

"Gari likisimama, stelingi inabaki ulipoiacha. Inarudi matairi yakiwa yanatembea. Hii yako ina woga, inakimbilia katikati."

Akaendesha kama dakika kumi, akaegesha tela vizuri kuliko nilivyowahi kuegesha mimi, akaenda kuoga.

Miezi ikapita, nikafunga mota ya waipa ya volti 12, programu ikawa ndiyo inayoamua lini ivute na lini iachie. Lori likisimama, usukani ukatulia pale pale. Nilikaa usiku ule nikiukata na kuuachia, peke yangu, maana Mzee alikuwa njiani. Aliporudi sikumwita aje kuujaribu. Labda niliogopa angegundua jingine. Labda nilitaka aniulize mwenyewe. Hakuuliza.

Sasa hivi mtoto ameufunga kwenye kiti cha plastiki kwa kamba ya kuanikia nguo, mdomo wake ndio injini. Hauna tyubu wala mota. Unabaki anapouacha.