Sifuri Nilizoambiwa Nizifute

Mwaka 2023 nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamili, upande wa nishati na matumizi bora ya umeme, imebaki tasnifu. Wenzangu karibu wote walifungua programu ya HOMER, wakapanga paneli za sola na betri za kijiji ambacho hawajawahi kukikanyaga, wakahitimu salama. Mimi kiherehere kikanituma kwenye mafriji ya maduka ya mtaani. Nilitaka kujua lile friji la soda la mtumba, lenye kutu miguuni, linakula umeme kiasi gani kweli, na mwenye duka afanye nini lipunguze.

Kibali, barua ya serikali ya mtaa, hayo yalipita. Maduka nikapata kumi na moja, Dar es Salaam, mengi ya kina Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka Wachaga.

Kifaa nilijitengenezea. Cha dukani cha maana kilikuwa bei ya pikipiki, na mfadhili wangu alikuwa mshahara wa mke wangu. Nikachukua Arduino, yaani kikompyuta kidogo cha kujipangia mwenyewe, kadi ya kuhifadhia data, chaja ya simu ya kukilisha, na kile kidude cha PZEM-004T kinachopima volti, mkondo, wati, uniti na pawa fakta, ile namba inayokaribia 1 kwa kitu cha kuchemsha kama hita na kushuka kwa mota. Vyote nikavitia ndani ya kiboksi cha soketi: friji linachomekwa kwangu, mimi nachomekwa ukutani. Vingine Kariakoo, vingine niliagiza China vikakaa mwezi na kitu njiani. Kiboksi kimoja kilinitoka kama elfu sitini, sabini, sikuandika vizuri na sasa sitaki kukumbuka.

Wiki tatu za kwanza ziliteketea. Arduino haina saa yake. Ukiiwasha inaanza kuhesabu kutoka sifuri kama mtoto aliyezaliwa leo, na ule ulikuwa wakati wa mgao, umeme unaondoka mara mbili tatu kwa siku. Nilikusanya kadi zote kwa mbwembwe, nikafungua faili, nikakuta vipande mia mbili na zaidi vya data, kila kimoja kinadai kimeanza saa sita kamili usiku. Sikuwa na namna ya kujua kipi cha Jumanne, kipi cha Jumapili. Nilikaa kitandani nikacheka, mke wangu akadhani nimepata matokeo.

Dawa yake ni kuongeza kidude cha saa chenye betri ya kidonge, DS3231. Ila hapa sikilizeni, maana hakuna aliyeniambia: zile za bei rahisi zina njia ya kuchaji betri, na betri inayouzwa kila duka, CR2032, si ya kuchajiwa. Inavimba. Ng'oa ile rezista ndogo kwenye njia ya kuchaji, saa itaendelea kutembea kwa betri yenyewe bila shida. Mbili zangu zilivimba kabla sijajua. Na kila mstari wa data uandikwe kwenye kadi papo hapo, usisubiri.

Sasa hita ya Mangi. Nilipata data safi ya wiki mbili, nikaona friji moja lina tabia ya ajabu: kila alfajiri, kwenye saa kumi na mbili, linaruka kutoka wati 140 hadi wati 1,100 na zaidi. Nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Nikaandaa wasilisho la darasani lenye kichwa kizito kuhusu mkondo wa kuwashia wa kompresa zilizochakaa. Nikachora na mishale myekundu. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akaniomba slaidi.

Jioni ile, nikiwa kwenye daladala, akili ikanirudia. Kompresa inapowaka huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno, haifiki hata sekunde moja. Kiboksi changu kinasoma kila sekunde kumi. Mruko wangu ulikuwa unadumu dakika ishirini. Nikafungua laptopu palepale nimesimama, nikaangalia safu ya pawa fakta ambayo sikuwahi kuijali: friji likiwa peke yake, 0.6 na kitu, kama mota yoyote ndogo. Kwenye mruko, 0.99. Hiyo si mota. Hiyo ni waya wa moto. Kesho yake nikaenda dukani alfajiri, nikamkuta Mangi kachomeka kwenye kiboksi changu ekstensheni, na kwenye ekstensheni ile hita ya kuchovya kwenye ndoo.

"Mangi, shikamoo. Hii nayo ni friji?"

"Marahaba, injinia. Si ulisema soketi yako nzuri?"

Yule aliyeniomba slaidi sijamwambia mpaka leo. Nikapaka gundi ya chuma kwenye plagi za mafriji yote, na toka siku hiyo safu ya pawa fakta naiangalia kabla ya safu ya wati.

Haya, sifuri. Nikiweka data kwenye Excel nilikuwa najaza sifuri kila mahali ambapo kiboksi kilinyamaza. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kuna maduka ambayo theluthi ya siku ilikuwa sifuri tupu. Nikampelekea msimamizi wangu. Akazitazama dakika moja, akasema, "Huo ni mgao tu. Zifute, halafu jaza kwa wastani wa saa zilizobaki, uendelee." Mwingine idarani, mtu mzima mwenye machapisho yake, akanipa ushauri bora zaidi: maduka yenye sifuri nyingi niyatoe kabisa, nibaki na matano mazuri, mtahini hapendi mashimo. Kaka mmoja aliyenitangulia akaniambia asingepoteza muda, angetunga.

Nilikaribia kufuta. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nakaa mtaa uleule. Nilijua mgao unavyokuja, leo mchana, kesho jioni, hauna adabu ya saa. Sifuri za baadhi ya maduka zilikuwa na adabu mno: zinaingia saa nne usiku, zinatoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mgao gani huo unaofuata saa ya kufunga duka?

Shida ikawa kuthibitisha. Kama mwenye duka angechomoa friji kwenye kiboksi changu ningeona volti 230 na wati sifuri, kesi imekwisha. Lakini akifunga, anazima swichi kubwa, kiboksi nacho kinalala. Watu husema, si ungeweka betri? Betri ingesaidia nini? Kiboksi kingekaa macho usiku kucha kikiandika "hakuna volti, hakuna volti", bila kujua nani kaziondoa. Nilihitaji shahidi aliye nje ya swichi ya Mangi.

Hapa ndipo ninapojisifu, niruhusuni. Nyumbani nilikuwa na simu tatu mbovu, vioo vimepasuka, betri bado zinashika. Nikaweka programu ndogo ya bure inayoandika saa na dakika kila chaja inapoingia na kutoka. Nikaenda saluni ya jirani ya duka, dada mwenyewe analala chumba cha nyuma kwa hiyo hazimi swichi kubwa, nikamwomba simu ikae kwenye chaja kwenye rafu ya mafuta ya nywele. Chaja ikisema umeme umekatika dakika ileile kiboksi kilipolala, ni mgao. Chaja ikiwa inaendelea na kiboksi kimelala, ni mkono wa Mangi. Gharama: soda mbili.

Wiki ya kwanza shahidi wangu alidanganya. Kuna mchana Mangi aliapa umeme ulikuwa umekatika, simu ikasema ulikuwepo. Kuna jioni simu inasema giza, kiboksi kinasema friji linanguruma. Nilianza kumtazama Mangi kwa jicho la pembeni. Mpaka siku moja, Januari, nimesimama barabarani kama saa mbili usiku nanunua mihogo, nikaona kwa macho yangu: saluni inawaka, duka ni giza, nyumba ya tatu inawaka. Fezi moja, yaani waya mmoja kati ya zile tatu zinazoleta umeme mtaani, ilikuwa imeondoka. Saluni na duka, ukuta mmoja, fezi mbili tofauti! Juu ya nguzo kuna nyaya nne, fezi tatu na nyutro, na fundi aliyeunganisha kila nyumba alichagua waya uliokuwa karibu na mkono wake.

Fundi wa mtaani alinisaidia kufuata waya kwa macho, lakini sikumwamini peke yake, kwa hiyo nikaongeza ujanja mwingine. Nilikuwa na kiboksi kimoja cha akiba. Nikakichomeka siku moja saluni, siku moja kwenye kibanda cha chipsi, nikalinganisha volti zake na za dukani. Majengo ya fezi moja volti zake hupanda na kushuka pamoja: jioni watu wakiwasha pasi na majiko, za duka zikishuka kutoka 228 hadi 205, na za kibanda zinashuka dakika ileile. Za saluni zilikuwa na mwendo wao. Simu ikahamia kwa muuza chipsi, shahidi akaanza kusema kweli. Nikafanya hivyohivyo kwa maduka mengine manne; simu nyingine niliomba kwa ndugu, kila ukoo una droo ya simu mbovu.

Halafu nchi yenyewe ikanifanyia jaribio ambalo nisingeweza kulilipia. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukawashwa, megawati 235, wa kwanza kati ya mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Mgao ukapungua mpaka ukaisha. Kama sifuri zangu zote zingekuwa mgao, zingeondoka nao. Za mchana ziliondoka. Za saa nne usiku zilibaki palepale, kila siku, kama adhana.

Niliporudi ofisini na mchoro huo, msimamizi aliutazama muda mrefu, akasema, "Nilikuwa nakwambia uzichunguze." Nikasema ndiyo, Dokta.

Nikapiga hesabu. Mwenye duka anayezima saa nane kati ya ishirini na nne hufikiri anaokoa theluthi ya umeme wa friji. Haokoi. Usiku kuna ubaridi, mlango haufunguliwi, kompresa ingefanya kazi kidogo tu. Asubuhi anawasha friji lililopoteza ubaridi wake wote, soda zina joto la chumba, kompresa inanguruma bila kupumzika hadi karibu saa nne. Kwa friji la Mangi akiba iliyobaki ilikuwa kama uniti 0.2 kwa usiku. Kwa bei ya LUKU ya matumizi ya kawaida wakati ule, shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza kodi na tozo inafika 356, basi ni kama shilingi sabini. Na wateja wa asubuhi wanakunywa soda ya moto.

Kilichookoa kweli ni mpira wa mlango. Funga mlango juu ya noti, ivute: ikitoka bila kukwama, mpira umekufa na hewa ya joto inaingia mchana kutwa. Mafundi wawili waliniambia dawa ni kununua mpira mpya tu. Yule dada wa saluni akaniuliza kwa nini nisiupashe moto kwa drayer ya nywele, kama anavyofanya yeye kwenye friji lake. Tukaupasha polepole, tukauvuta, ukarudi umbo, noti ikakwama. Friji lile matumizi yake yalishuka zaidi kuliko lingeshushwa na kuzimwa usiku. Dada nimemshukuru kwa jina kwenye tasnifu, kabla ya maprofesa.

Nikaenda kwa Mangi na shilingi zangu sabini kifua mbele, nikamweleza kwa mchoro. Akanisikiliza hadi mwisho huku anapima sukari.

"Injinia, nani alikwambia nazima kuokoa umeme?"

Friji lake la zamani liliungua. Umeme ulikatika saa nane usiku, ukarudi kwa nguvu, ukaondoka, ukarudi tena, kompresa ikalazimika kuwaka huku shinikizo la gesi halijatulia, ikafa, na yeye yuko nyumbani amelala. Tangu hapo halali friji likiwa limewashwa. Miezi mitano nilikuwa napima wati na sikuwahi kumuuliza. Sura nzima ya tano niliyokuwa nimeandika kuhusu tabia ya kubana matumizi nikaifuta, nikaandika upya ndani ya siku tisa, na hiyo ndiyo sura ambayo mtahini wa nje aliiulizia maswali yote.

Nilipofaulu nilimnunulia Mangi kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata volti zikizidi au zikipungua na kusubiri dakika tatu kabla ya kuruhusu umeme upite. Elfu ishirini na kitu. Nikamfungia mwenyewe, nikamwambia sasa lala bila wasiwasi.

Mwezi uliopita nilipita kununua mkate. Kifaa kipo, taa yake ya kijani inawaka. Kakifunga kwenye televisheni. Friji bado analizima saa nne.