Siku moja kwenye karai langu la samaki, Dunga

Saa kumi na robo alfajiri niko macho kabla simu haijalia. Vyombo niliviosha jana usiku na unga niliupima, kwa hiyo ni kujimwagia maji, kufunga leso na kutoka. Kutoka mtaa wa Nyalenda hadi ufuo wa Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, natembea. Pikipiki ya saa hiyo inadai hela ambayo bado sijaitafuta.

Mimi hukaanga samaki, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Wageni wakifika kwetu wanaona karai, moshi na mwanamke anayetiririka jasho, wanadhani kazi yenyewe ni kugeuza samaki asiungue. Samaki akifika kwenye mafuta, sehemu kubwa ya kazi yangu imekwisha.

Saa kumi na moja na nusu mitumbwi ingekuwa imeshafika. Leo upepo umelisukuma gugumaji hadi mdomoni mwa ufuo, na mitumbwi imekwama nje yake. Taa tunaziona, wanaume tunawasikia wakiitana, lakini kupita hawawezi. Sisi akina mama tumesimama na mabeseni yetu, matope yako vidoleni, hakuna anayetaka kuondoka mstarini. Ukitoka ukajisaidie tu, samaki wako amekwenda. Jua lilitukuta palepale.

Walipopenya hatimaye, bei ilikuwa imepanda kabla samaki hawajafika kwenye mizani. Hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Nainua shavu la samaki, ndani pawe pekundu. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama. Nyama nikiibonyeza kwa kidole irudi yenyewe. Na niseme jambo ambalo si kila muuzaji hulitaja: siku hizi ngege (tilapia) wengi wanaoliwa Kisumu wamefugwa kwenye vizimba humuhumu ziwani. Si samaki wabaya. Ila mteja akiniuliza namjibu, huyu ni wa wavu, huyu ni wa kizimba. Wale wa China wanaokuja wamegandishwa hawajawahi kupanda meza yangu. Leo nimepata ngege kumi na wanne, tisa wa wavu na watano wa kizimba, na sangara mmoja wa kilo tatu.

Saa moja hadi saa tano ni magamba, matumbo, kuosha, kuchanja ubavuni, chumvi na ndimu, kuchambua mboga ya osuga (mnavu), kukata nyanya, kuwasha kuni. Kisha samaki wote naning'iniza wachuje maji mpaka ngozi ikauke. Hatua hiyo ndiyo wanayoiruka wenye haraka. Samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta moto hukurushia mafuta mwilini na ngozi yake hubaki karaini. Mikono yangu ina alama za miaka miwili ya kwanza, nilipokuwa sijajifunza kusubiri.

Saa sita wakaanza wateja wangu wa kawaida: madereva wa tuktuk, mafundi wa mitumbwi, mabwana wawili wanaofanya kazi mjini ambao huja kila Jumamosi. Hawa hawaulizi kitu. Wanakaa, nawajua.

Saa sita na nusu wakashuka vijana sita kutoka Nairobi. Wamefika na treni ya usiku, na ni mara yao ya kwanza Kisumu. Mmoja ameshika simu yenye orodha ya vyakula vyote wanavyotaka kuonja kabla jua halijazama. Soko la Kibuye wamekula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chai. Mtaa wa Obunga wamekula mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayokaangwa baada ya viwanda kukata minofu. Minofu inapelekwa Ulaya, mgongo unabaki kwetu, na huko Obunga kuna akina mama waliosomesha watoto kwa mgongo huo. Nilifurahi kwamba walifika. Njiani wakala tena sambusa na miwa. Kwangu mimi ni kituo cha nne, na baada yangu kuna nyama choma Kondele.

"Mama, tupatie kwanza omena mbichi, wa kutoka ziwani leo."

Nikawaambia huu ni mwezi wa Mei, na kuvua omena, yaani dagaa, kumefungwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaane. Walio sokoni ni wakavu, wa akiba. Wakaitazama orodha yao kana kwamba nimeichana.

Basi wakachagua ngege mkubwa kuliko wote, wa wavu, niliyemnunua kwa shilingi 700. Nikawatajia bei, 1,200 pamoja na ugali na mboga, akaangwe kisha achemke kidogo kwenye nyanya na vitunguu. Wakakubali. Halafu mmoja akasema, "Kata kichwa, tafadhali, kinatutazama."

Kwetu kichwa hupewa mtu wa heshima. Baba mkwe wangu, aliyevua humu ziwani hadi magoti yakakataa, hakuna aliyethubutu kugusa kichwa cha samaki yeye akiwa mezani. Nikawaambia samaki huyu ataletwa mzima, na asiyependa kichwa ageuze sahani. Wakacheka, tukaelewana.

Dakika ishirini na tano samaki alikuwa tayari, ngozi imekauka vizuri, mchuzi umeshika. Meza ilikuwa na mabegi tu. Wenyewe walikuwa wamepanda boti kwenda kutazama viboko. Mabegi sita yamekalia meza ya watu sita, na madereva wangu wamekula wamesimama, sahani mkononi, kwenye jua la saa saba la Kisumu. Ningeyahamisha, lakini mabegi ya watu huyagusi. Kitu kikipotea ni wewe.

Walirudi karibu saa nane. Wakataka samaki apashwe moto. Nikampasha, ingawa samaki wa kupashwa si yule niliyempika, na mimi ndiye niliyejua tofauti. Kisha picha. Samaki akainuliwa, akazungushwa, akalazwa karibu na maji. Walipoanza kula, kila mmoja alinyofoa mara mbili, tatu, akaegemea nyuma. Walikuwa wameshiba! Walishiba tangu Obunga.

Msichana mmoja kati yao ndiye aliyebaki na samaki. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, hiki kichwa kinaliwaje?" Nikakaa naye, mara yangu ya kwanza kukaa tangu alfajiri. Nikamwonyesha nyama laini ya shavuni, jinsi ya kufungua taya, jinsi ya kufyonza nyuma ya jicho, tonge la ugali likifuata mchuzi. Alikula hadi mifupa ikawa myeupe. Kwa dakika hizo kumi nilisahau miguu yangu.

Kisha hesabu. Mwenye orodha akasema watatoa 600, kwa sababu nusu ya samaki imebaki. Nikamwambia nusu hiyo siwezi kumuuzia mtu mwingine, wala siwezi kuirudisha ziwani. Nikamhesabia: samaki 700, mafuta, kuni, nyanya, unga, binti anayenisaidia kuosha vyombo, ada ya ufuo. Akasema wao walikuwa wanaonja tu. Nikamjibu kwamba mimi sikuonja kupika, nilipika. Tulivutana mpaka yule msichana akachukua simu akatuma 1,200 zote bila neno, akanishika mkono wenye mafuta kwa mikono yake miwili.

Ukija Kisumu mara ya kwanza, nakuomba, asubuhi kunywa uji peke yake. Kibuye nenda kesho yake, Jumapili, siku ambayo soko limefurika. Njoo Dunga na njaa, na usiondoke mezani samaki akiwa motoni.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Mvua ilikuja, tukafunika kuni kwa turubai, ikaenda. Sangara nilimkata vipande akaisha. Mafuta niliyabadilisha, kiuno kikaanza kuuma upande ule wa kushoto, binti akaangusha sufuria ya ugali ikabidi nisonge mwingine. Watu wa kutazama jua likizama ziwani wakaja, wakala, wakaenda. Sikuliona jua lenyewe, nilikuwa nimelipa mgongo.

Giza lilipoingia akaja mlinzi wa usiku, mzee anayepita kwangu kabla ya zamu. Nilimwekea ngege wa mwisho, mdogo, wa kizimba. Alinawa, akala bila kuinua kichwa, akarudisha sahani yenye mifupa tu. "Ahsante, nyathina," akasema, yaani mwanangu, kama asemavyo kila siku.

Nimehesabu hela nikiwa nimekaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nikitoa za samaki wa kesho na za binti, imebaki 1,850. Mikono nimeisugua kwa maganda ya ndimu. Nimempigia mvuvi kumwambia gugumaji likiruhusu aniwekee kumi na sita, kesho ni Jumapili.