Mazimbu: nilivyowapeleka kidato cha pili kwenye shule ya wapigania uhuru

Nianze na hela maana ndo iliyotaka kuua safari kabla haijaanza. Tulishakubaliana na mwenye kosta laki sita na nusu, Mbagala mpaka Morogoro, tunalala usiku mmoja, anaturudisha. Wazazi wakachanga kidogo kidogo, huyu analeta elfu tano leo, yule elfu tatu wiki ijayo. Asubuhi ya safari saa kumi na moja watoto wako getini na mabegi yao, wengine hawajalala kwa furaha, jamaa anapiga simu anasema mafuta yamepanda ongezeni laki na nusu la sivyo gari haliji. Jamani. Unafanyaje hapo? Watoto wanakuangalia. Mkuu wetu wa shule akatoa laki yake mfukoni, iliyobaki nikamalizia mimi, na kosta ilipokuja AC tuliyoahidiwa haifanyi kazi na viti viwili vya nyuma vimechanika mpaka chuma kinaonekana. Iliniuma sana na bado inaniuma, maana kuna mama kati ya hao wazazi anauza maandazi, ile elfu tano yake naijua imetoka wapi.

Sasa kwanini Mazimbu. Kila mwaka tarehe 16 Juni shule zetu zinaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wanavaa tisheti, wanaimba, wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nikawauliza darasani, kwanini ni tarehe 16 Juni na siyo siku nyingine? Mmoja akasema ni siku watoto walipewa haki zao. Mwingine akasema Umoja wa Mataifa ndo uliipanga. Hakuna hata mmoja aliyesema Soweto, kile kitongoji cha watu weusi kule Johannesburg, na siwalaumu, hakuna aliyewaambia. Wanaandamana kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi waliopigwa risasi na hawajui kama kuna mtu alipigwa risasi.

Basi nikafunga kitabu cha kiada nikawasimulia. Kwamba Sauzi makaburu walishika serikali 1948 wakaanza kutunga sheria moja baada ya nyingine, 1950 kila mtu akaandikishwa kwa rangi yake na kupangiwa eneo la kuishi kwa rangi yake, mweusi hatembei mjini bila pasi, yaani kitabu cha kibali, 1953 wakaleta sheria ya elimu ya Wabantu ambayo lengo lake halikufichwa, mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kumtumikia mzungu na asivuke hapo. Kwamba pale Sharpeville 1960 watu walienda kuandamana kupinga pasi, polisi wakaua 69. Halafu ikaja amri kwamba hesabu na baadhi ya masomo yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, na tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto wakatoka madarasani wakaingia barabarani na yunifomu zao. Nikawaonyesha kwenye simu ile picha aliyoipiga Sam Nzima, Hector Pieterson amebebwa amelegea, dada yake anakimbia pembeni amenyoosha mikono. Hector ni rika lao au mdogo kidogo. Darasa likanyamaza, ila msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akasema, "Madam, kwahiyo walikataa kufundishwa hesabu kwa lugha wasiyoielewa. Na sisi je?"

Nilikaa na hilo swali siku nyingi. Watoto wangu wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, baiolojia, jiografia, historia yenyewe, na nawaona kabisa wanavyokariri bila kuelewa. Nikamjibu kwamba tofauti ipo, Kiafrikana kililetwa kwa mtutu na serikali ambayo wazazi wa wale watoto hawakuruhusiwa hata kuipigia kura, na lengo lilikuwa kuwabana. Akasema ameelewa, ila akauliza tena, "Lakini darasani si tunakaa vilevile tu, hatuelewi?" Na kwenye hilo nadhani ana haki, na siku tukiacha kuliogopa swali hili tutakuwa tumewasaidia watoto wengi.

Njia sina la kusema, kila mtu anaijua, joto na trafiki na machungwa ya Chalinze. Morogoro tulifika mchana tukala chips kuku karibu na stendi ya Msamvu, elfu nane sahani, kuku mwenyewe kipaja kidogo mpaka watoto wakaanza kugawana. Kisha tukaingia Mazimbu.

Watoto walitegemea makumbusho, vitu kwenye vioo. Wakakuta wanachuo wanakimbilia lekcha, maana siku hizi ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, imeitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Na hapo ndo nilipoanzia kuwafundisha, tumesimama chini ya mti. Hili lilikuwa shamba la mkonge lililochoka. Baada ya Soweto vijana walitoroka Sauzi kwa maelfu, wengi hata shule hawajamaliza, na ANC, chama kilichokuwa kinapigania uhuru wa Sauzi, kikawa na watoto wa watu mikononi wanaotaka kusoma. Tanzania ikatoa hili eneo, na mwaka 1978 shule ikaanza, na ilijengwa kwa mikono ya hao hao waliokuja kusoma wakishirikiana na mafundi wetu wa hapa Morogoro. Mabweni, madarasa, shule ya msingi, malezi ya watoto wadogo, shamba, karakana ya fanicha, hospitali. Oliver Tambo, rais wa ANC, alikuja kuifungua rasmi 1985. Wahisani kutoka Uholanzi na nchi za Skandinavia walichangia sana hela, ni kweli, ila ardhi ni yetu, na ilitolewa na nchi ambayo yenyewe ilikuwa haina kitu. Mama yangu miaka ya themanini mwanzoni alikuwa anapanga foleni duka la kaya kwa kipande cha sabuni ya kufulia na kilo ya sukari, nimekua nikisikia hizo habari, na sijawahi kumsikia akisema kwanini tuliwapa watu wa nje wakati sisi hatuna. Alikuwa anasema tu wale ni ndugu wako vitani.

Na Solomon Mahlangu mwenyewe nikawaambia. Kijana wa Mamelodi kule Pretoria, alizaliwa 1956, akatoroka baada ya Soweto, akapata mafunzo Angola, akarudi kwa siri 1977 na wenzake wawili. Wakakurupushwa katikati ya Johannesburg, risasi zikapigwa, watu wawili wakafa. Aliyefyatua hakuwa yeye, ni mwenzake, lakini mwenzake alipigwa vibaya mpaka akili ikaharibika hawezi kusimama mahakamani, kwahiyo akahukumiwa Solomon. Walimnyonga tarehe 6 Aprili 1979, ana miaka 22. Kaka yake mmoja wa wanafunzi wangu ana miaka 22, anaendesha bodaboda Mbagala Rangi Tatu, na yule mtoto ndo alikuwa wa kwanza kusema hicho kitu kwa sauti.

Ila somo kubwa la siku ile sikulitoa mimi.

Tulikuwa makaburini. Pale Mazimbu kuna makaburi ya watu wa Sauzi waliofia ukimbizini, yamepangwa mistari, na watoto walikuwa wanapita wanasoma majina na kutoa miaka ya kufa na ya kuzaliwa. Akapita bibi mmoja na beseni la machungwa kichwani. Watoto wote shikamoo bibi, akajibu marahaba wajukuu zangu, akatua beseni, wakaanza kununua, chungwa mia mbili, wakati Chalinze tumenunua mia. Nikamuuliza kama ni mwenyeji. Akasema, "Mimi nimefanya kazi humu mwanangu. Nilikuwa nalea watoto wao pale chekechea."

Tulikaa naye mpaka jua linaanza kuelekea milimani. Alituambia walivyofika wale vijana wa mwanzo hawajui Kiswahili, wanaogopa mbu, usiku wanaimba nyimbo za kwao mpaka na wewe unajikuta unalia bila kujua maneno. Ugali hawakupata shida nao, kwao upo. Alituambia watoto aliowalea walizaliwa hapa hapa, wanaongea Kiswahili cha Moro kabisa, na siku wanaondoka miaka ya tisini mwanzoni, Mandela ameshatoka jela, shule inafungwa, 1992 wanairudisha kwa serikali yetu, kuna mtoto alimng'ang'ania kanga hataki kupanda basi.

Kisha msichana yule yule wa dawati la mbele akamuuliza, "Bibi, hawa waliozikwa hapa ulikuwa unawajua?"

Bibi akasema anawajua kwa sura. "Majina siwezi kukwambia mjukuu wangu. Majina yao mengi yalikuwa ya chama." Akaeleza kwamba kijana akitoroka anapewa jina jingine, maana makaburu wakijua mtoto wako yuko huku wanakufuata wewe mzazi kule nyumbani. Walikuwa wanasoma kwa jina hilo, wanaitwa hilo. Wengine waliishi hapa miaka na chumba kimoja hawajuani majina ya nyumbani. Watoto wangu wakawa wanaangaliana. Mmoja akauliza sasa mama yake anajuaje kama mwanae amekufa, na bibi akasema, wapo waliokuwa hawajui.

Halafu akatuambia la kwake. Mdogo wake alikuwa na mwenza pale, kijana wa karakana ya fanicha. Waliishi vizuri tu, wakapata mtoto wa kiume 1988. Wakati wa kurudi kwao akasema natangulia nitawaita. Barua zikaja mbili tatu, zikakata. Mdogo wake akaanza kuulizia, kila Msauzi akija kutembelea Mazimbu anamfuata na picha, lakini jina analolitaja ni lile la chama, na aliporudi kwao yule baba amerudi kwenye jina lake la kuzaliwa, na hilo hawakuwahi kulijua. Mdogo wake alishafariki. Yule mtoto sasa ni baba mwenye familia, anafanya shughuli zake hapo mjini, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa sehemu ya baba kuna jina la mtu ambaye kiserikali hayupo.

Alisema haya bila hasira. Mimi ndo nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa kwa yule kijana peke yake, maana simjui, pengine alikufa, pengine alishindwa nauli, pengine alitelekeza kweli. Nilikasirika kwamba nimefundisha somo hili miaka yote kama kitu cha mbali, sheria fulani za nchi fulani, andika sifa tano za ubaguzi wa rangi, wakati hapa karibu tu kuna mtu mzima ambaye hizo sheria zimemwachia pengo kwenye cheti chake. Watu wa Mazimbu walitoa ardhi, wakatoa nguvu, wakalea watoto, wengine wakaachwa na watoto, na hakuna kitabu cha shule nilichokishika mimi, cha kwetu au cha kwao, kinachomtaja yule bibi au mdogo wake.

Gesti tuliyolala ilikuwa elfu ishirini na tano chumba, bomba halitoi maji, na unafungua dirisha unaiona Uluguru ilivyo kijani, mito yote ile, wewe unaoga na maji ya dumu tena la kununua. Neti zina matundu. Kwa ile hela ningetegemea angalau maji.

Lakini usiku ule hakuna aliyelala mapema. Tukakaa uani, na mvulana mmoja mkimya sana, ambaye mjomba wake ana duka dogo Johannesburg, akauliza lile ambalo nilijua litakuja. "Madam, kama tuliwasaidia hivi, mbona wanatupiga?" Duka la mjomba wake lilivunjwa 2019, akabakiwa na nguo za mwilini. Mwingine akasema ni watu wasio na shukrani, na wengi wakaitikia. Nikawaambia mashambulizi ya wageni kule Sauzi ya 2008 yalikuwa mabaya zaidi, waliuawa watu 62, na hata Wasauzi wenyewe walikuwemo kati ya waliouawa. Nikawaambia kura walipata 1994 lakini ardhi na mali kwa sehemu kubwa vilibaki palepale vilipokuwa, na kijana aliyezaliwa kwenye kibanda hana kazi anamwona Mtanzania ana duka, anayemwona karibu ndo anayempiga. Hiyo ni sababu, siyo ruhusa, na nililisema hivyo hivyo. Na wale waliomvunjia mjomba wake duka, wangapi wamewahi kusikia neno Mazimbu shuleni kwao? Mvulana akasema, "Hata mimi nilikuwa sijalisikia mpaka wiki iliyopita."

Tuliporudi darasa lenyewe likaamua kitu ambacho sikuwaambia. Wakataka kumwandikia barua ubalozi wa Sauzi hapa Dar kuhusu yule mtoto wa mdogo wake bibi. Nikampigia bibi kwanza, akaongea na yule mtoto mwenyewe, akakubali. Ugomvi ukawa tuandike jina gani. Mwisho wakaandika lile la chama, na kila walichoambiwa na bibi: alikuwa fundi fanicha, alicheza mpira namba sita, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, alikuwepo Mazimbu 1988. Mvulana mwenye mjomba Johannesburg ndo aliyeandika, ana mwandiko mzuri kuliko wote. Tumeipeleka kwa mkono, imepokelewa, tunasubiri.

Mwakani nataka niwapeleke Kongwa, kule Dodoma, wapigania uhuru walikokuwa na kambi za kijeshi kuanzia 1964, siyo wa Sauzi tu, na wa Msumbiji na Namibia na wengine. Ni mbali zaidi, hela itakuwa kubwa zaidi, kwahiyo tumeanza kuchanga mwezi huu huu elfu moja moja, na mwenye gari safari hii tutaandikishana mkataba na kulipa nusu akishatufikisha.