Niasini ya mahindi ipo, ila imefungwa

Majedwali ya virutubisho husema gramu 100 za mahindi makavu zina miligramu 2 hadi 3 za niasini, yaani vitamini B3. Mtu mzima anahitaji miligramu 14 hadi 16 kwa siku. Piga hesabu ya mlaji wa dona asubuhi, mchana na jioni: utadhani anakaribia kutosheka. Hatosheki. Sehemu kubwa ya niasini hiyo imeshikamana na minyororo ya sukari kwa kifungo cha kikemia kiitwacho esta, na vimeng'enya vya utumbo wetu haviwezi kukikata. Inaingia mdomoni na kutoka vilevile.

Ugonjwa unaofuata ni pelagra. Daktari Gaspar Casal aliueleza huko Asturias, Hispania, mwaka 1735, kwa wakulima maskini walioishi kwa mahindi. Ngozi inayopigwa na jua huwa nyekundu, kisha nyeusi na kukakamaa. Shingoni inazunguka kama mkufu, na hadi leo madaktari wanaiita mkufu wa Casal. Kisha huja kuhara, kuchanganyikiwa, na mwisho kifo. Mahindi yalikuwa yametoka Amerika, lakini mapishi ya wenyewe yakaachwa hukohuko: watu wa Mexico walikuwa wakiyachemsha na chokaa tangu zamani za kale. Chokaa ni alkali, na alkali ndiyo inayokata kile kifungo.

Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wengi waliamini pelagra ni ya kuambukiza. Joseph Goldberger, daktari aliyetumwa na serikali mwaka 1914, aliona kwamba katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, wafanyakazi hawaugui. Ambukizo gani hilo linalochagua? Mwaka 1915, kwenye shamba la gereza la Rankin, Mississippi, wafungwa 11 waliojitolea kwa ahadi ya msamaha walilishwa unga wa mahindi, ngano nyeupe, wali, viazi vitamu, kabichi na sharubati ya sukari. Baada ya miezi kadhaa, 6 kati yao walipata pelagra. Mwaka uliofuata yeye, mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, na baadhi yao wakameza vidonge vyenye magamba ya ngozi na kinyesi cha wagonjwa hao. Hakuna aliyeugua. Kwa maadili ya leo jaribio la gerezani lisingepita, lakini hoja yake ilikuwa ngumu kuipinga.

Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kukijua kirutubisho chenyewe. Mwaka 1937 mwanakemia Conrad Elvehjem wa Wisconsin, Marekani, aliponya mbwa wenye ugonjwa wa ulimi mweusi, pelagra ya mbwa, kwa asidi ya nikotini. Kemikali hiyo ilikuwa imekaa kwenye chupa za maabara tangu karne ya 19. Jina "niasini" lilikuja baadaye, watu wasije wakadhani mkate umetiwa tumbaku.

Kikabaki kitendawili: maziwa yana niasini kidogo mno, mbona yanaponya? Jibu lilipatikana mwaka 1945. Mwili unajitengenezea niasini kutoka triptofani, amino asidi ya protini, kwa kiwango cha miligramu 60 za triptofani kwa miligramu 1 ya niasini. Mahindi ni maskini kwa triptofani pia, kwa hiyo mlaji wake anapigwa pande mbili. Ndiyo maana makande ni chakula chenye akili kuliko ugali na mchuzi mtupu: gramu 100 za maharage makavu huleta triptofani ya kutosha miligramu 4 hivi za niasini, mbali na niasini yake yenyewe. Karanga ni bora zaidi. Mwaka 1990, mgao wa karanga ulipokatika kwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, waliougua pelagra walizidi 17,000.

Ukitaka kufungua niasini jikoni: mahindi makavu kilo 1 yasiyokobolewa, maji lita 3, na gramu 10 za chokaa ya chakula. Koroga chokaa kwenye maji baridi kwanza, tia mahindi, chemsha kwa moto mdogo dakika 40, acha usiku kucha. Asubuhi ganda linateleza ukilisugua. Suuza mara mbili au tatu, usizidishe, kwa sababu niasini iliyofunguliwa huyeyuka majini na kwenda na maji. Kisha saga yakiwa bado na unyevu.

Sufuria ya alumini haifai, alkali inaila; tumia chuma cha pua au enameli. Chokaa ya kupaka ukuta haifai kabisa, na chokaa isiyozimwa huunguza. Chokaa ya chakula ikizidi, unga unanuka sabuni na kuwa mchungu. Ukichemsha mno, unakuwa gundi. Magadi nayo ni alkali, lakini mengi ya kwetu yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto.

Jambo moja husahaulika. Safari ya triptofani kuwa niasini inahitaji vitamini B2 na B6. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huivuruga B6, na mgonjwa anayekula vibaya anaweza kupata pelagra katikati ya matibabu. Piridoksini, yaani vitamini B6, anayopewa pamoja na dawa asiiache.

Pelagra yenyewe hutibiwa hospitalini kwa nikotinamidi, aina mojawapo ya niasini, miligramu 300 kwa siku zikigawanywa, kwa wiki 3 hadi 4, pamoja na vitamini B nyingine. Ulimi na kuhara hutulia ndani ya siku chache. Ngozi huchukua wiki. Asidi ya nikotini nayo inaponya, ila kwa dozi hiyo uso huwaka moto na kuwasha, na wagonjwa wengi huiacha kwa kudhani wamedhurika.